Mama Usilisafishe

Kwa miaka tisa mwanamke huyu aliniudhi kila siku ya kazi, na baadhi ya Jumamosi pia. Alikuwa msimamizi wa maabara ya hospitali moja pale Tanga mjini, nami nilikuwa fundi chini yake. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui vizuri. Hakupenda kuulizwa, na sisi tuliokuwa tukimwogopa hatukuona sababu ya kuanzia udadisi hapo. Kazini tulimwita Msimamizi. Kina mama wa mtaa wa Makorora walimwita Mama Usilisafishe, na jina hilo alilipata kwa jasho lake.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa ndogo ukiitazama kwa mbali: alitafuta bakteria kwenye usaha wa masikio ya watoto. Mtoto anapata mafua, mafua yanaingia sikioni kwa ndani, usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio mpaka ngoma inatoboka na usaha unaanza kutoka. Watu husema litakauka lenyewe, na mara nyingi hukauka kweli. Lisipokauka, mtoto anaanza kuuliza "eeh?" kila anapoitwa, kisha siku moja haulizi tena, na shuleni anaambiwa mzito. Ili mambo yasifike huko lazima mtu ajue ni bakteria gani aliyemo, maana dawa inayomuua mmoja, mwenzake anaiona uji wa asubuhi. Binti yangu anasikia kwa masikio yote mawili kwa sababu ya mwanamke huyu, na ndiyo maana nimekaa kuandika habari za mtu aliyenitoa machozi mara nyingi kuliko marehemu wangu wote.

Niseme kwanza lile jina. Watu wetu ni wasafi, na mtu msafi haendi mbele za watu na uchafu. Mtoto anayepelekwa hospitali huogeshwa, hupakwa mafuta, huvalishwa nguo iliyopigwa pasi. Na lile sikio lenyewe linaloumwa hupewa heshima zaidi: huoshwa kwa maji ya sabuni, hutiwa mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu saumu, kisha huzibwa na pamba yenye tone la marashi. Linatufikia likinukia kama bibi harusi. Ukipitisha kijiti cha pamba unapata mafuta na marashi, na bakteria wenyewe wamebaki huko ndani wanastarehe. Baada ya siku mbili sahani ni tupu, tunaandika "hakuna kilichoota", na daktari akisoma anadhani hakuna ugonjwa.

Jambo hilo lilimtia Msimamizi wazimu.

"Nani alikwambia ulisafishe?" angemuuliza mama wa watu, mlango ukiwa wazi na benchi zima la wanaosubiri nje likisikia.

"Basi nije naye hivyo hivyo, Mama? Sikio linanuka, watu wananitazama?"

"Njoo naye hivyo hivyo. Kusafisha ni kazi yetu, sisi tunajua tunafuta nini na tunabakiza nini. Rudi naye wiki ijayo. Usilisafishe, usilitie kitu. Umenisikia?"

Kwa sauti ile, walisikia hata wa wodi ya wazazi. Watoto wa Makorora walilifanya wimbo. Akipita anakwenda zake, wanajificha nyuma ya ukuta na kupiga kelele, "Usilisafishe!" Yeye hupita amenyoosha shingo kama hasikii. Tuliona ni kiburi.

Sisi mafundi alitukataza manukato. Sahani, alisema, husomwa kwa macho na kwa pua, na pua iliyolewa marashi haina kazi maabara. Aliwahi kumrudisha mwenzangu nyumbani akaoge kwa sababu ya udi wa harusi ya jana yake. Mwenyewe sasa! Alinukia marashi ya waridi tangu getini. Ulijua amefika kabla hujamwona. Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza inakuwaje. Akaniambia sheria ni kwa ajili ya pua changa, yake imekomaa. Hilo nalo ni jibu ukilitoa ukiwa mkubwa wa kazi.

Nyuma ya maabara aliishi kondoo. Bakteria wa masikio ni wachaguzi wa chakula. Lazima uwapikie uji wa unga wa mwani, uutie damu ya kondoo, uugandishe kwenye visahani, ndipo wakubali kuota. Kila baada ya majuma mawili tulimtoa kondoo damu kidogo shingoni, ikaingia kwenye chupa yenye shanga za kioo, nami nikaitikisa dakika kumi ili isigande. Mkono wangu wa kulia hadi leo ni mnene kuliko wa kushoto. Msimamizi alimwandika kondoo kwenye orodha ya zamu, na Idi ya kuchinja ilipokaribia, ofisa mmoja wa utawala alikuja kuzunguka pale nyuma, mikono mgongoni.

"Msimamizi, huyu mnyama ana mpango gani?"

"Yuko zamu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka astaafu, kama mimi na wewe."

Mwaka ambao kondoo aliugua, mmoja wetu alitumia damu ya watu iliyopita muda wake. Msimamizi alizitupa sahani zote bila kuuliza zilichukua saa ngapi kuzitengeneza. "Damu ya mtu ina maneno mengi," alisema. "Imekunywa dawa za dukani, imepigana na bakteria hawa hawa zamani. Kondoo hana historia."

Halafu kulikuwa na mshumaa. Baadhi ya bakteria hawa hawapendi hewa nyepesi, kwa hiyo sahani zao tulizipanga ndani ya mtungi wa kioo uliowahi kuwa wa peremende, tukawasha mshumaa ndani yake na kukaza kifuniko. Mshumaa unakula hewa mpaka unajizimia wenyewe, na hewa inayobaki ndiyo wanayoitaka. Mashine ya kufanya hivyo ipo duniani, ila haikuwa Tanga. Kila jioni kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mtungi mpaka moto uzime. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Siku moja nilinunua mishumaa ya rangi, ile ya keki, kwa kuwa myeupe ilikwisha dukani. Akaitazama, akaniuliza ni siku ya kuzaliwa ya nani, akanirudisha dukani kwenye jua la saa nane.

Majina ya vitabuni aliyajua yote na kuyaandika kwenye fomu kwa mwandiko mzuri sana. Mdomoni alikuwa na yake. Wale wanaokaa wawili wawili chini ya darubini aliwaita Mapacha. Yupo ambaye haoti mpaka umpandie jirani wa kumlisha kwenye sahani hiyo hiyo. Huyo ni Mdoezi. Anayeigeuza sahani kuwa kijani na kunuka zabibu ni Bwana Kijani. Na yule ambaye hatulii alipowekwa, anatambaa sahani nzima kwa mawimbi na uvundo wake unajaza chumba, alimwita Mtambaaji. Huyo Mtambaaji alimchukia binafsi. Sahani yake ilipofunuliwa sisi tulitoka nje, yeye alibaki kuitazama, halafu aliifunika na kwenda kunawa mikono kwa muda mrefu.

Madaktari hawakumpenda sana. Mmoja, kijana mwerevu mwenye haraka, alimwambia mbele yetu, "Majibu yenu, Mama, ni kama rambirambi, yanafika shughuli imekwisha."

"Na wewe, mwanangu," alimjibu, "unatoa rambirambi kabla hujajua msiba ni wa nani."

Wote wawili walikuwa na haki. Majibu yalichukua siku tatu, na mama aliyekwishapewa dawa ya maji siku ya kwanza harudi siku ya tatu. Kabatini palikuwa na kiboksi cha majibu yasiyochukuliwa, nacho hakikuwahi kuwa tupu. Namba za simu zilizoandikwa zilikuwa za shemeji au za jirani aliyehama. Basi mtu huyu aliyetukataza kuzungumza na wagonjwa zaidi ya lazima alitia bahasha kwenye mkoba baada ya kazi, akaingia Makorora kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Nilimsindikiza mara chache. "Hodi! Nimeleta majibu ya sikio." Baba mmoja alitoka amejifunga msuli kiunoni, akatutazama juu mpaka chini, akasema, "Sisi hatukuagiza." Nyumba nyingine walidhani ni sensa, wakaanza kutaja majina na umri. Alikaribishwa ndani, akanywa kahawa, na kila alipokaa alichagua kiti ambacho ukuta uko kushoto kwake. Nikadhani ni madaha ya watu wakubwa, kila mmoja ana yake.

Sasa habari ya Zuwena, binti yangu. Alikuwa na miaka minne, na sikio lake la kulia lilianza kutoa usaha wakati wa masika. Nilimpa dawa ya maji iliyozoeleka; likakauka wiki moja, likaanza tena. Nikampa tena. Mara ya tatu nilikuwa nyuma yake uani, anapanga vifuniko vya soda, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita mara mbili nyingine. Nikagonga sufuria kwa mwiko, akainua kichwa na kutazama upande usiokuwa wangu. Hata hivyo, sikumpeleka kwa Msimamizi kesho yake wala wiki ile. Mimi, fundi wa maabara ya masikio, mtoto wangu sikio linaoza! Nilimficha mwezi mzima kwa aibu, na sioni njia nyingine nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Nilipompeleka hatimaye, nilimwogesha. Nikamvalisha gauni la Idi. Na sikio, mimi niliyewahi kusimama nyuma ya Msimamizi nikitikisa kichwa kwa ujinga wa kina mama wenzangu, nikalisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikalitia matone mawili ya dawa iliyobaki chupani ili lisitoke usaha mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Baada ya siku mbili aliniita pembeni. Alishika sahani ya Zuwena, nyekundu, safi, haina hata doa.

"Hili umeniletea sikio la Idi," alisema.

Akaigeuza sahani kwenye mwanga.

"Unajua kilichomo ndani ya sikio lile?"

"Sijui, Msimamizi."

"Hata mimi sijui. Na siku zinakwenda, na mtoto anaacha kusikia. Siku tano. Usilisafishe, usilitie tone. Ukiligusa nitakufukuza kazi. Sina mamlaka hayo, lakini nitayatafuta."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililoniliza.

Siku tano zile zilikuwa ndefu. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Pangani, na kila asubuhi alisimama mlangoni akiwa na pamba na kikombe cha mafuta. "Lahaula! Mtoto wa watu anavuta nzi, na mama yake anamtazama! Ndicho mlichosomeshwa?" Hatukwenda harusini Ijumaa ile. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alimwona Zuwena, akaichukua chumvi bila kukaa. Nilijifunza ndani ya siku tano yale ambayo kina mama wa benchi walikuwa wanatuambia miaka yote, kwamba kumwacha mtoto wako anuke mbele za watu ni kazi nzito kuliko kumtia dawa.

Siku ya sita Msimamizi alifuta juujuu kwa pamba kavu, akachukua usaha mbichi uliokuwa unatoka ndani. Kesho yake sahani ilikuwa ya kijani. Akapanda sahani nyingine na kuiwekea vikaratasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake, tuone bakteria atakimbia kipi. Siku iliyofuata, kwenye kikaratasi cha dawa niliyomnywesha mwanangu tangu masika, Bwana Kijani alikuwa ameota mpaka ukingoni mwake, ameegemea.

"Ulikuwa unampa mtoto sharubati," alisema, na kunionyesha kikaratasi ambacho pembeni yake palikuwa peupe. Dawa hiyo ilikuwa ya matone, ya bei ya kawaida, ipo kwenye kila duka la dawa mjini.

Sikio lilikauka, na mpaka mvua za vuli tundu lilikuwa limejiziba. Nikasimama tena nyuma yake uani, nikaita kwa sauti ya chini, "Zuwena." Akaitika, "Abee," bila kuacha vifuniko vyake. Nilikaa chini pale pale nikalia. Kesho yake nilikimbia maabara, nikasimama kando yake akiwa kwenye darubini, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Hakunitazama, hakusema neno. Nilibaki nimesimama kama mwombaji. Nikazunguka upande wa pili kuchukua koti langu, ndipo akashtuka: "Umefika? Mtoto vipi?" Nikamweleza tena, kwa kifupi na kwa kinyongo. Alitabasamu siku nzima, ila mimi nilikuwa nimeshaudhika.

Kondoo alitoweka wiki moja kabla ya Idi, mwaka ambao Msimamizi alistaafu, na ofisi ya utawala haikuwa na maelezo. Siku hizi damu inakuja kwenye chupa kutoka Dar es Salaam, na tuna mashine inayotaja jina la bakteria bila kumnusa. Mtungi wa peremende umebaki juu ya kabati. Msimamizi alihamia kijiji cha Kigombe, nami nikapewa kiti chake, pamoja na lile benchi la kina mama na masikio yao yanayonukia. Nilijikuta ninafoka kwa sauti ile ile.

Mwaka jana, asubuhi moja, nilitoka nje kuita mgonjwa nikamkuta amekaa kwenye foleni, fomu mkononi, ukuta ukiwa kushoto kwake.

"Shikamoo, Msimamizi!"

"Marahaba. Niite kwa namba yangu, watu wasiseme."

Fomu iliandikwa: usaha, sikio la kushoto, muda mrefu. Nilimkalisha chini ya taa, akatoa pamba iliyokuwa ndani ya mtandio, pamba ambayo miaka tisa alituambia ni kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Harufu ya waridi ikanipanda puani. Sikio lilikuwa limeoshwa, safi kabisa. Mambo yote yalikuja pamoja: ukuta, marashi, watoto wanaomwimbia, mimi nimesimama kando ya darubini na furaha yangu. Upande ule alikuwa hasikii. Nilichukua kipimo kimyakimya, na baada ya siku mbili nikampigia simu.

"Hakuna kilichoota, Msimamizi."

"Nililisafisha," alisema.

"Najua."

"Sasa nije kwenu ninanuka, mwanangu? Nyinyi niliowafundisha?"

Nilitaka kumwambia basi, nitakuja nyumbani kwako kimyakimya. Lakini nilijua angenijibu kwamba kina mama wa benchi hakuna aliyewafuata nyumbani kuwapima.

"Siku tano," nikasema. "Usilisafishe, usilitie kitu. Tafadhali."

Siku ya sita alirudi. Hakuwa na marashi. Mtandio ameusogeza nyuma, sikio liko wazi, na usaha umeshuka hadi kwenye taya. Watu wa benchi walikuwa wamesogea, wakamwachia nafasi ya watu wawili kila upande, na mama mmoja amemfunika mwanawe pua kwa kanga. Yeye amenyoosha shingo. Nimewaona watu wengi mashujaa kwenye lile benchi, lakini sijaona wa kumfikia.

Mashine ilitoa jina. Mimi nilipanda sahani pia, kwa njia ya zamani, na asubuhi ilikuwa imejaa mawimbi toka ukingo hadi ukingo na chumba kizima kinanuka. Alikuwa amefikia kwa mdogo wake Makorora. Baada ya kazi nilitia bahasha kwenye mkoba, nikaenda kwa miguu.

"Hodi! Nimeleta majibu ya sikio."

Nilikaa upande wake wa kulia. Sahani haitolewi maabara, hiyo ni sheria yake mwenyewe, kwa hiyo nilimwonyesha picha kwenye simu. Alinigombeza kwanza kwa kushika simu kwenye meza ya kazi. Kisha akaitazama kwa muda.

"Mtambaaji," alisema. "Lilianza nikiwa mdogo kuliko Zuwena wa siku zile. Mama yangu alilisafisha kila siku, kwa mapenzi yake yote."

"Kwa nini hukutuambia? Tungepima siku moja tu."

"Angepima nani? Wewe? Ukanuse?"

Nikamweleza dawa inayomuua, na nikamwambia ukweli kwamba usaha utakoma ila kusikia hakutarudi. Akasema hilo analijua tangu kabla sijazaliwa. Alitaka tu kumjua mwenzake aliyeishi naye humo sikioni miaka yote. Aliikunja karatasi ya majibu mara nne na kuifunga kwenye pembe ya kanga. Halafu akanigeukia mwili mzima, kama alivyozoea, na kuniuliza kwa sauti ndogo, sauti ya kina mama wa benchi:

"Sasa naweza kulisafisha?"

Nikasokota pamba kavu kama alivyonifundisha, nikahamia upande wa kushoto, nikamsafisha mwenyewe.